Ile Nafasi Uliyoiacha Tupu

Mdogo wangu Jillo,

Huku Garsen tupo, joto ni lile lile. Mama Rehema jirani ameachika tena, usiniulize, hiyo habari ni ndefu. Nakuandikia kwa sababu nimejifungia chumbani peke yangu na sina wa kumwambia.

Tulipokwisha kukuzika kule kijijini Hewani, Mwende mwenzako wa kazini alikuja kuchukua kompyuta yako ya kazi. Nyumba imejaa majirani. Akaifungua, akanionyesha ile ramani yako ya chipu, huo ubongo wa mashine mliokuwa mkiubuni, vyumba vyumba kama nyumba ya watu, na kitu chenyewe ati hakizidi ukucha. Pembeni umeacha nafasi tupu, hukuandika kitu. Akaniuliza, "Dada, Jillo alikwambia hapa panakaa nini?"

Mimi nikose jibu mbele ya watu? Nikasema, "Hapo ni chumba cha kumbukumbu, aliniambia mwenyewe." Neno lenyewe nililiokota tu katika mazungumzo yako.

Uongo, Jillo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipanga maharagwe kwenye sinia, mimi nangoja kuyapika? Ulisema vipande vya chipu vinavyoongea sana vikae karibu, nikakwambia basi mimi na Mama Rehema tumo humo. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema vipande vingine wanaovitengeneza bado hawajavimaliza, hata ukubwa wake hujui, lakini lazima uvitengee mahali. Ukaanza, "Dada, hapa nimepaacha kwa sababu..." Nami nikakukata na habari ya harusi ya kule Minjila. Ukaendelea kupanga maharagwe, ukanisikiliza. Wewe ulikuwa unanisikiliza tu, siku zote.

Sikukuuliza tena. Nilijua kesho utakuwepo.

Jana Mwende alipiga simu, furaha tele. Wamesogeza kila kitu kufuata maneno yangu. Wiki ijayo chipu inapelekwa kiwandani kutengenezwa, na ikishatengenezwa haibadilishwi. "Asante Dada, umetuokoa." Na mimi, mdomo huu, nimeshajisifu soko zima kwamba nimekumalizia kazi yako! Nikisema ukweli, nitapita wapi? Nikinyamaza, kazi yako ya mwisho inaharibika, na watasema ni Jillo aliyekosea.

Hapana. Wewe hukukosea.

Nikiiweka hii kalamu nampigia. Nitamwambia, "Sijui. Jillo alitaka kuniambia, nikamkatiza." Akitukana atukane, soko licheke. Lala, mdogo wangu. Nakuahidi, sitaongeza hata neno moja la kwangu.

Dada yako,
Habona