Bendeji Mkandani mwa Kurent

Ptuj, Jumatano ya Majivu

Kwako dada Tilka,

Pokea salamu zangu, na goti lako lipokee zake. Bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima, ila uzima wangu una maelezo. Nitayafikia. Usiruke mistari, nakujua.

Mjukuu wetu Neža sasa ni mhudumu wa dharura anayewafikia wagonjwa kwa baiskeli. Hata mimi nilimcheka. Nilimwambia nyuma ya baiskeli hubebwa viazi, siyo mashine ya kushtua moyo. Akanijibu, "Sawa babu, siku ukianguka utawaita viazi."

Jumapili ya kanivali watu walijaa mpaka gari la wagonjwa likakwama darajani. Makurent, wacheza vinyago wa kikundi chetu, wakaingia mjini na ngozi zao za kondoo, vichwa vya manyoya vyenye ulimi mwekundu, kengele tano kiunoni, kilo arobaini za kufukuzia majira ya baridi. Mbele ya ukumbi wa mji mmoja akaanguka. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo. Wenzake wakamzunguka wakirukaruka na kutikisa kengele, maana sisi mwenzetu akilala humwamsha kwa kelele. Wajinga watupu.

Neža akaja akipiga kikengele chake cha baiskeli, nani amsikie? Akamwambia Francelj, mkuu wetu, "Mjomba, ondoa hilo tako au nalipita juu." Likaondoka. Alipotaka kumvua yule mtu kichwa wakamzuia, kurent havuliwi uso hadharani. Akawaambia basi wampe mgongo, wawe ukuta. Midume ile ikageuka kama watoto wa shule.

Akakivua. Tilka, kaa chini.

Ndani nilikuwamo mimi.

Ndiyo, niliapa kaburini kwa mama kwamba ngozi nimeiuza, daktari aliponikataza kwa ajili ya moyo. Lakini mkono mmoja ulikuwa mfukoni, dole gumba katikati ya vidole, ili kiapo kisishike. Ulinifundisha wewe.

Moyo ulikuwa umesimama. Haya nimeyapata kwa Francelj, aliyegeuka nusu tu. Anasema mikono ya Neža ilinikandamiza kifua bila kusita, machozi tu yalikuwa yanamwagika, huku akininong'oneza, "Ukinifia hapa babu, sitakusamehe." Mashine ikanipiga mara moja, nikarudi.

Unajua wasichana humfungia leso mkandani kurent anayewapendeza. Miaka sita sijapata hata moja. Ndicho nilichokifuata, mzee mzima. Nilipozinduka hospitalini, mkanda wangu ulikuwa kitini, umefungwa kipande cha bendeji, fundo zuri. Nilimuuliza Neža, akasema ilibaki tu. Mwongo, kama ukoo wote.

Njoo uichukue ngozi. Naapa sivai tena. Mkono mmoja unaandika, wa pili uko juu ya blanketi, vidole vyote wazi. Muulize nesi.

Lisalimie goti.

Kaka yako,
Lojz