Namba Iliyokuwa Maandishi

Jumatatu, 3 Novemba

Baridi. Upepo tangu alfajiri. Nimefika ofisini Majengo saa mbili kasoro, nimewasha mashine, nimesoma ujumbe wa manesi. Bondeni wanasema mawingu yameanza kukaa. Mvua ikishika, barabara ya kupanda mjini kutoka Mtowisa, huko bondeni, haipitiki, na mjamzito aliyekaribia kujifungua anabaki huko huko. Ndiyo maana programu yangu ipo. Kila Ijumaa inampangia Nesi Desderia, wa huko bondeni, orodha ya kina mama, wenye wiki nyingi za ujauzito juu. Wanane wa kwanza gari linawapandisha Jumamosi, waje kusubiria kujifungua hapa mjini.

Miaka mitatu nimeiandika peke yangu. Sasa nimeletewa Kalista, katoka chuo mwaka jana. Anataka tuandike aina kwenye programu: hiki ni namba, hiki ni maandishi. Python, lugha ya kompyuta ninayoandikia, hailazimishi. Na mimi sitaki.

Jumanne, 4 Novemba

Tumebishana asubuhi nzima. Nimemwambia nilichagua lugha hii kwa sababu inaniacha nifanye kazi. Kutangaza aina ya kila kitu ni kuomba ruhusa ya kuingia chumbani kwako mwenyewe.

Hakupandisha sauti. "Kaka Fulgensi, sisemi kila mahali. Lakini wewe unajua kichwani kipi ni namba. Mimi nitajuaje?"

"Utasoma programu."

"Nimeisoma. Nimebaki nakisia."

Imeniuma. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Novemba

Sikuongea naye. Nimemaliza fomu mpya. Zamani manesi walileta karatasi, nikaingiza mwenyewe. Sasa wanaandika kwenye simu, taarifa zinaingia moja kwa moja. Nimeijaribu kwa kina mama watatu wa kubuni, wiki 31, 36 na 38. Wamejipanga vizuri. Mchana nimewahamishia humo kina mama wote. Nimejisifu kidogo.

Alhamisi, 6 Novemba

Kalista kaandika aina kwenye nakala yake, kisha kaendesha programu ya kuzikagua. Imetoa malalamiko ukurasa mzima. Nimeyapitia juu juu. Jina linaweza kukosekana. Tarehe inaweza kuwa tupu. Upuuzi. Nikacheka mbele yake. Nikamwambia nilikuwa naandika programu yeye hajajua kuwasha kompyuta.

Akakusanya daftari lake, akahamia meza ya dirishani.

Neno baya lile. Sikulirudisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Orodha ilijituma saa kumi na mbili asubuhi. Majina na vijiji tu; wiki hatuziandiki, kwa siri ya kina mama. Saa nne Kalista akaja na karatasi. Lalamiko moja kalipigia mstari: sehemu inayopanga inasubiri namba, fomu inaleta maandishi.

"Lakini inapanga," nikasema. "Nimeijaribu."

"Muweke mama wa wiki tisa."

Nikamuweka. Akakaa juu kabisa. Juu ya wa thelathini na nane.

Nikaelewa hapo hapo. Maandishi yanalinganishwa tarakimu ya kwanza kwa ya kwanza. Tisa ni kubwa kuliko tatu, basi. Majaribio yangu yote yalikuwa ya tarakimu mbili. Nikafungua orodha ya kweli. Wanane wa juu wote mimba changa. Mama wa wiki thelathini na tisa, wa kijiji cha mwisho kabisa bondeni, yuko wa kumi na moja.

Simu ya Nesi Desderia haikupatikana. Nimepiga, Kalista amepiga. Hakuna aliyekula. Saa nane na nusu ikaita.

"Shikamoo mama. Ile orodha ya asubuhi usiitumie. Nimekosea mimi."

"Marahaba. Nimeshawaita sita, mwanangu. Hakuna hata mmoja ambaye tumbo limetoka. Nikasema labda kompyuta imeona jambo."

Kalista akachukua simu, akamsomea majina sahihi na vijiji, taratibu, akarudia. Nesi akasema yule wa kijiji cha mwisho atamfuata mwenyewe kwa bodaboda.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua bondeni tangu mchana. Nyumbani hapakukalika. Nimesubiri getini kwenye nyumba ya wajawazito. Gari limefika saa kumi na moja jioni, tope mpaka vioo. Nimewahesabu wakishuka. Wanane. Wa wiki thelathini na tisa kashuka wa mwisho, kajishika kiuno, analalamikia baridi ya huku juu. Dereva anasema nyuma yao mto umeshakata barabara.

Nimekaa kwenye tofali. Nimefurahi, sijui niseme vipi zaidi.

Jumapili, 9 Novemba

Misa ya kwanza. Nimeshukuru. Yule mama kajifungua alfajiri, mtoto wa kike, kwa upasuaji. Wote wazima. Angekuwa bado kule, sitaki kufikiria.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwomba Kalista radhi kabla hajakaa. "Yameisha, kaka," akasema, akavuta kiti karibu na changu.

Tumekubaliana. Kila mahali taarifa za mama zinapoingia, aina zinaandikwa na zinakaguliwa. Ripoti zangu ndogo ndogo ziachwe huru. Yeye mwenyewe kakiri kwamba aina haiwezi kujua nesi akiandika 29 badala ya 39. Hapo panataka jicho la mtu. Nesi Desderia kaomba aone wiki kwenye orodha yake. Tumemwekea.

Tumegawana mafaili, tumeandika mpaka saa kumi. Nilidhani nitachoshwa. Sikuchoka. Nimepumua. Mambo niliyoyabeba kichwani miaka mitatu sasa yameandikwa, na mwenzangu anayasoma.

Nimerudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Nimekula, nimekaa barazani nikisikiliza mvua kwenye bati. Kompyuta nimeiacha ofisini.