Yuko Nyumbani Tu

Yeoville, Johannesburg
24 Mei 2015

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama. Goti lake linaendeleaje? Na macho yako, bado unasoma bila miwani? Sisi huku tuko wazima. Zile ghasia za mwezi wa nne dhidi ya wageni mlizozisikia redioni zilipita karibu nasi. Wenye maduka wa mtaa huu walifunga milango siku kadhaa, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeguswa, tunamshukuru Mungu.

Barua hii nampa Pacifique, yule mfanyabiashara wa Kavimvira anayekuja kununua nguo hapa. Najua wewe na simu hampatani, na jambo ninalokuambia sitaki likatike katikati.

Baba, nimeacha kufundisha. Hawakunifukuza. Chuo cha Doornfontein walitaka nibaki, nami nilikuwa nalipenda darasa langu la hesabu. Lakini kifua cha binti yetu Shekinah kimetutesa. Mwanamke aliyekuwa anamtunza mchana ana watoto wengi katika chumba kimoja kisicho na hewa, na mara mbili pumu imemkamata mtoto bila mtu kutambua mapema. Mara ya pili mke wangu Victoire alimkuta midomo imekuwa ya buluu. Yeye ni muuguzi, alijua la kufanya. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Tulikaa tukazungumza. Hospitali imempa Victoire kazi ya kudumu, na karatasi zake za kukaa nchini zinashikamana na kazi hiyo. Yangu ilikuwa ya mkataba wa kila muhula. Kwa hiyo yeye anatoka, mimi nabaki na mtoto. Napika, nafua, nampa Shekinah dawa zake, namtembeza kukiwa na jua.

Nimetaka ulisikie kutoka kwangu, si kwa mtu wa sokoni. Msalimie Mama sana.

Mwanao,
Ruphin


Uvira
19 Julai 2015

Mwanangu Ruphin,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu Victoire na kwa mjukuu. Mama yako hajambo, goti linamsumbua anapopanda mlima tu. Mimi pia sijambo. Tumefurahi kwamba mtoto anapumua.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Nimekuwa mkuu wa shule karibu maisha yangu yote, na wewe ndiye mtoto niliyemwona akisimama ubaoni kama mimi. Juzi kwenye harusi ya mtoto wa Balthazar, yule aliyekuwa inspekta wetu wa shule, Balthazar mwenyewe aliniuliza mbele ya watu Ruphin anafanya nini Afrika Kusini. Nikasema anafundisha. Sikujua niseme nini kingine.

Mtoto mgonjwa anatunzwa, sikatai. Lakini ana mama. Mama yako hakufanya kazi, alikaa nyumbani tu, na ninyi mkakua. Mimi nilitoka asubuhi nikarudi jioni, ndiyo maana mlikuwa na jina hapa mjini. Mwanaume anayekaa na masufuria mchana kutwa, mkewe ataanza kumtazama kama nani? Na binti yako akikua atakuheshimu kwa lipi?

Sitaki tubishane kwa karatasi. Ukirudi kazini niandikie, nitafurahi. Mpaka siku hiyo, sina la kukujibu.

Baba yako,
Mwalimu François


Yeoville
6 Novemba 2016

Baba,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Nilikuandikia Krismasi iliyopita na tena wakati wa Pasaka. Pacifique anasema alikukabidhi mkononi. Sikulaumu. Ulisema hutajibu, na wewe ni mtu wa neno lako. Mama huongea nami kwenye simu ya jirani, kwa hiyo najua mko hai.

Naandika kwa sababu sina mwingine wa kumsimulia hili.

Kanisani kwetu Pasta Alexis alitenga Jumapili ya kuombea kazi. Wenye kazi walisimama upande wa kulia wamshukuru Mungu, wanaotafuta kazi upande wa kushoto wakaombewe. Victoire akaenda kulia na sare yake, watu wakampigia makofi. Mimi nilibaki kwenye benchi, Shekinah amelala mgongoni kwangu. Pasta ni mtu mwema, alidhani naona haya. Akashuka, akanishika mkono, akanipeleka kushoto. Baba, nilienda. Ningekataa ningemwaibisha mbele ya kanisa lake. Wazee wakaniwekea mikono wakaomba Mungu anikumbuke, anipe cha kufanya, na mtoto anakoroma shingoni kwangu.

Tulipofika nyumbani Victoire akavua viatu, akakaa, akaniambia: "Wewe wanakuona mvivu. Mimi wananiona nimemgeuza mume wangu boyi wa nyumbani. Sijawahi kukudharau, Baba Shekinah, lakini nimechoka kukutetea."

Nikamuuliza kama anataka nirudi kufundisha. Akasema anataka kulala. Alikuwa ametoka zamu.

Nisikufiche, si kila siku napenda kazi hii. Kuna siku nasikia kengele ya shule ya hapo chini na moyo unanikimbia. Nakumbuka chaki. Nakumbuka kuitwa Mwalimu. Hapa Shekinah ananijibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, na mtu mzima wa kuzungumza naye mchana ni muuza mboga peke yake. Victoire anarudi na habari za wagonjwa na madaktari, mimi habari yangu ni kwamba mtoto amekula. Lakini mwaka huu hatujampeleka hospitali hata mara moja.

Mwanao,
Ruphin


Uvira
11 Februari 2018

Mwanangu Ruphin,

Salamu. Najua dada yako Agnès alikupigia simu kutoka Kinshasa mwezi wa kumi, mama yako alipoanguka. Nimesikia ulivyolia. Naomba unisamehe kimya changu. Nilikuwa nataka kuandika tangu wakati ule, lakini sijapata kukaa.

Hali yake ni hii. Upande wa kulia bado umepooza, mkono haushiki kitu. Maneno yanatoka taratibu ila yanaeleweka. Akili yake ni ile ile. Yule binti aliyekuwa anatusaidia ameenda Fizi kuolewa. Agnès anatuma msaada kila mwezi na anaumia kwamba hawezi kuja, benki wamempa cheo na hawamwachii nafasi. Wanawake wa kanisa walikuja wiki za mwanzo, wakasema Mwalimu, pole, wakarudi kwenye nyumba zao. Kwa hiyo ni mimi.

Namwosha. Mwanzoni alifumba macho kwa aibu, nami nilitazama ukutani, tukamwaga maji chini yote. Nampikia uji, nampikia samaki, namtolea miiba. Namgeuza asipate vidonda. Nikimaliza kufua nakuta amechafua tena, na nikimaliza hayo chakula cha mchana kimechelewa. Jioni natafuta nimefanya nini kutwa, sioni kitu cha kumwonyesha mtu. Nyumba iko kama jana. Shuleni niliacha madarasa, niliacha wanafunzi, paa la mabati. Hapa ukifanya vizuri hakuna kinachoonekana.

Sasa nikueleze lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita Balthazar alikuja kumwona mgonjwa. Alinikuta uani na beseni, mikono imejaa povu. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniuliza: "Mwalimu, siku hizi unafanya nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yako akajibu kutoka kitandani, taratibu, kila neno peke yake: "Hafanyi kitu. Yuko nyumbani tu."

Ruphin, hayo ni maneno yangu. Ndivyo nilivyowajibu wakubwa wote waliowahi kuniuliza mke wangu anafanya kazi gani, naye akiwa anawaletea chai. Sikujua kama alikuwa anasikia. Balthazar alicheka, nami nikacheka naye. Alipoondoka nikamwuliza mama yako kama alinuia kunichoma. Akasema hapana, alikuwa anatania. Halafu akasema: "Lakini uliona jinsi neno hilo linavyokaa."

Nimeliona.

Niambie kuhusu Shekinah. Anakula nini? Bado anakoroma?

Baba yako


Yeoville
22 Aprili 2018

Baba,

Nakusalimu na kukukumbatia. Mama anaendeleaje? Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, Shekinah akanivuta shati akiuliza kwa nini nalia, kwa Kiingereza chake, "Papa, why are you crying?" Nikamwambia Babu ameandika.

Sina la kukusamehe. Ningependa kuwa hapo nikupokee beseni. Nimeuliza tena ofisi ya wakimbizi, jibu ni lile lile: nikikanyaga Kongo, karatasi zangu za ukimbizi zimekwisha, na sitarudi kwa mke wangu na mtoto. Hili linanitafuna kuliko yote. Mimi ambaye siku zangu zote ni za kutunza mtu, mama yangu siwezi kumtunza.

Naomba jambo moja tu. Mtafute mtu akae na Mama saa moja kila jioni, hata kama ni jirani, nawe utoke. Usiende sokoni wala usifanye shughuli. Nenda ziwani ukakae. Mwaka wa kwanza mimi sikutoka, nilidhani nikitoka nimeshindwa. Nikaanza kumkaripia mtoto kwa kikombe kilichomwagika, nikamwona ananiogopa. Victoire ndiye aliyenifukuza nyumbani Jumamosi moja, akasema nisirudi mpaka jua lizame. Nilitembea mpaka Braamfontein nikakaa kwenye ukuta, nikawatazama wanafunzi wakipita na vitabu vyao. Nilirudi mtu.

Shekinah anakula kila kitu isipokuwa maharage. Hakoromi tena, anaongea usingizini. Kwa Kizulu, Baba. Amejifunza kwa watoto wa ghorofa ya chini, na mimi simwelewi.

Mwambie Mama nimelicheka lile jibu lake. Mwambie pia nililia.

Mwanao,
Ruphin


Yeoville
17 Februari 2019

Baba,

Salamu kwenu wote wawili. Nimefurahi kusikia Mama anakaa barazani siku hizi, na kwamba mjane wa jirani anakupokea zamu jioni.

Shekinah ameanza darasa la kwanza. Chuo cha Doornfontein kilinihitaji tena, na tumekubaliana nifundishe asubuhi tu, wakati mtoto yuko shule. Mchana nampokea getini. Walitaka nichukue na vipindi vya jioni, nikakataa. Kifua kimetulia, lakini namfahamu, anapotoka shule amechoka ndipo kinapobana.

Ubaoni siku ya kwanza nilianza kwa kuandika tarehe. Kufikia kengele nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuondoka.

Jumapili Pasta Alexis alinisimamisha, akatangaza kwamba maombi ya kanisa yamejibiwa, ndugu Ruphin amepata kazi. Watu walipiga makofi, na wengine ambao tangu tuhamie hapa hawakuwahi kunisalimia walikuja kunishika mkono. Nilishukuru, maana wanatupenda kwa jinsi wanavyojua. Lakini Victoire, badala ya kupiga makofi, aliniinamia akasema sikioni: "Miaka hii yote ningetokaje asubuhi bila wewe?" Sikusikia mahubiri yaliyofuata.

Mwanao,
Ruphin


Uvira
30 Juni 2019

Mwanangu Ruphin,

Salamu kwako, kwa Victoire na kwa mjukuu wangu. Mimi mwili hauna neno.

Kwenye simu ulisikia mazishi kwa vipande vipande, na mtandao ukakatika. Nakuandikia vizuri, ili uwe umekuwepo.

Mama yako aliondoka bila maumivu, nimemshika ule mkono wa kushoto uliokuwa mzima. Agnès aliwahi, ana tumbo kubwa, akawatia wote hofu njiani. Watu walikuwa wengi. Katekista akasoma maisha yake: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na Mwalimu François, akazaa watoto. Ikawa imekwisha, wengine hawajapata pa kukaa. Akafunga kitabu. Mimi nikifa watasoma shule nilizoongoza mpaka watu wasinzie.

Nikasimama. Sikuwa nimeandika kitu. Nikasema kwamba watoto wangu wote waliingia darasa la kwanza wanajua herufi, na mji mzima ulinisifu mimi kwa hilo. Nikasema aliyewafundisha ni huyu, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jiko, chungu kikichemka, nami nilijua na sikumrekebisha mtu yeyote. Nikasema vita vilipotukimbiza milimani na shule ikafungwa, mimi nilikuwa mtu asiye na kazi, yeye hakusimamisha yake hata siku moja. Nikaomba wote waliowahi kula kwa mikono yake wasimame. Balthazar alisimama wa kwanza. Baadaye sikuona aliyebaki ameketi.

Kisha nikawataja watoto. Nilipofika kwako nikasema: Ruphin hayupo, sheria imemzuia, si moyo. Ni mwalimu wa hesabu, na aliacha darasa akamlea binti yake mpaka akapona. Sikuongeza neno. Hakuna aliyecheka.

Sasa habari nyingine. Agnès amejifungua msichana mwezi wa tano, amempa jina la mama yako, Marthe. Mwezi wa nane benki wanamtaka kazini, na mume wake yuko Lubumbashi kwa kazi yake. Alikuwa analia kwenye simu, anasema atakiacha cheo. Nikamwambia asikiache, na pia asitafute binti wa kazi. Nitakuja mimi.

Halafu akaniuliza kama najua kubadilisha nepi. Nikamwambia nimekwisha kufanya magumu kuliko hayo.

Kwa hiyo nyumba nimempangisha mjane wa jirani, na mwezi ujao napanda ndege Bukavu kwenda Kinshasa, mara yangu ya kwanza. Usiandike tena kwa anwani ya Uvira. Andika Kinshasa kwa Agnès, na unieleze mtoto mdogo anashikwaje anapooga, maana ninyi wote mlikuwa mnaoshwa nikiwa shuleni.

Baba yako,
Babu wa Shekinah na Marthe