Koseti ya Wifi Imekataa Kulia

Shoga, mbavu sina!

Unaikumbuka ile koseti ya wifi yangu, ya kubana kiuno? Dukani nilimwambia aikunje kwanza, ikikunjika kirahisi vijiti vyake vya ndani ni plastiki. Akasema nina wivu, yake ni vyuma vitupu.

Leo tumeingia benki. Mlinzi kampitishia kile kidude cha kukagua chuma. Kimya.

KIMYA, shoga!

Wifi kagoma kuingia. "Rudia, kaka. Nimevaa vyuma."

Karudia. "Dada, huna hata pini."

Foleni nzima inatutazama, yeye analilia kukutwa na chuma!

Kainama kuchukua mkoba kwa hasira, tukasikia ka! Kijiti cha plastiki kimechomoza kwapani.

Mlinzi kakitazama, akasema kwa upole, "Pita tu, dada. Hicho kinaruhusiwa."