Kwa Baba Natvarlal wa Gerezani, na Kadi Uliyotuachia

Mwaka umetimia, Baba, tangu alasiri ile ya Aprili 1992 uliporudi kutoka Posta, ukaketi kwenye kiti chako katika kiwanda chetu kidogo cha uchapaji pale mtaani Gerezani, ukaomba maji, na maji yalipofika hukuwapo tena. Tunaandika tukiwa tumechoka. Utatuelewa, maana tangu tukujue ulikuwa umechoka, na bado kila asubuhi ulitutangulia kutoka nyumbani.

Watu wa mtaani walikujua kwa kadi za harusi. Wachache tu walijua kwamba nyuma ya mashine, katika chumba chenye feni moja mbovu, ulihariri jarida la wasomi kuhusu mawasiliano ya binadamu: namna watu wanavyosalimiana, wanavyobishana, wanavyonyamaziana. Biashara ilipofunguliwa nchini na wenzako wakakimbilia lebo za sabuni na magazeti mapya, wewe ulichapa kadi ili jarida lisife. Lilichelewa kila mara. Uliwaandikia wasomaji barua ya kuwaomba radhi kabla hata hawajalalamika.

Ile miaka ya shida ya karatasi haikukutoka mwilini. Maoni yako juu ya kila makala uliyaandika nyuma ya kadi zilizoharibika.

"Baba, karatasi siku hizi zimejaa madukani!" mwanao Manan alikuambia.

Uliigeuza kadi mkononi. "Na hii imekosa nini?"

Na ulikuwa mkali. Zena, aliyekuwa karani wako kwa miaka kumi na minne, alikata kwa wembe jina la kila mwandishi na kuandika namba mahali pake, ili anayeipima kazi asijue ni ya nani. Hata wewe mhariri hukutaka kuambiwa mpaka uamuzi utoke. "Zena, jina usinitajie hata nikikubembeleza," ulimwambia, naye hakukutajia.

Ndiyo maana hukujua kwamba makala namba thelathini na saba, kuhusu mnunuzi na muuzaji wanavyopatana bei Kariakoo, ilikuwa ya binti yako Nirali. Aliipiga chapa kwenye chuo anakofundisha, akamkabidhi Zena kimya kimya. Alitaka umsome kama mtu baki. Ukaikataa kwa mistari miwili: "Mwandishi analijua soko kwa kusikia. Aende akasimame."

Nirali, aliyezaliwa Mtaa wa Sikukuu, pua na mdomo na soko! Alilia, Baba. Wiki mbili alikula nawe meza moja bila kukutazama usoni, nawe ukadhani ni mambo ya chuoni.

Kisha akaenda akasimama. Miezi mitano, daftari mkononi, pembeni mwa meza ya vitenge ya Bi Waridi, Mtaa wa Kongo. "We Nirali, kaa basi mwanangu, unanizibia wateja!" Bi Waridi alimpigia kelele kila siku. Akaandika upya yote. Zena akakata jina, akakuletea makala chini ya namba ileile. Siku kumi baadaye ukatutoka.

Toleo lako la mwisho limelala mwaka mzima. Makala nyingine zilikuwa tayari, na msomaji wa pili, anayezipima kazi pamoja nawe, alishaikubali ya Nirali. Lakini jarida tulimwachia Nirali mwenyewe, naye akasema jibu lililobaki ni lako, hawezi kujijibia. Tulimwambia aichape, akakataa. Tulimwambia aiondoe, akakataa vilevile. Tulichoka naye, naye alichoka nasi.

Jumapili iliyopita Mama alitaka kuandika majina ya waalikwa wa ibada yako ya mwaka. Akili yake ikaenda kwenye rundo la kadi mbovu ulilokuwa ukiliweka kabatini hapa nyumbani. Na yeye umeshamwambukiza. Kadi ya nne au ya tano ilikuwa na mwandiko wako. Aliisoma, akaketi, akamwita Nirali, akampa.

"Na. 37. Sasa amesimama. Ichapwe kama ilivyo. Mwandishi simjui. Toleo likitoka, Zena amwalike chai, nataka nimpe mkono."

Nirali alilia kwa sauti, naye Mama hakumnyamazisha. Jumatatu asubuhi mashine iliwashwa.

Toleo linatoka leo, Baba, limechelewa kama kawaida yake. Barua ya kuomba radhi tumeiandika. Zena ameshabandika chai.

Tunaokukumbuka ni mkeo Bharti, wanao Manan na Nirali, pamoja na Zena, aliyetunza siri yako na ya bintiyo. Siku zote zilizobaki hutatutoka moyoni.

Mwandishi wa namba thelathini na saba amefika. Anasema shikamoo.