Siku Maji ya Udhu Yaliponimwagika

Mjukuu wangu Saumu,

Sasa hivi mwanangu Hamidu amenipandisha pembe ya mdomo kwa kidole, kama afanyavyo kila siku ili nicheke pande zote mbili. Leo ametoa kidole na pembe haikushuka! Nimeangusha kalamu.

Marahaba, ingawa ubibi wangu ni wa ukoo tu, nimekupita miaka mitatu. Huku Bwejuu wote wazima.

Umeuliza, huko chuoni kwenu kwa wauguzi, maradhi haya ya uso yalianzaje. Nilikuwa natia udhu. Nikasukutua, maji yakachuruzika upande wa kulia. Nikarudia nikidhani nimekosea. Nikanawa uso, jicho likakataa kufumba. Mama mkwe akapiga ukelele, "Ya Rabi! Kapigwa na shetani huyu!"

Daktari wa zahanati akaniambia ninyanyue mikono, yote ikapanda. "Si kiharusi, mama. Ni mshipa wa fahamu umevimba. Unatoka kwenye ubongo, unapita nyuma ya sikio, ndio unaochezesha uso. Wengi hupona."

Nilipigwa na butwaa, kumbe hata cheko lina mshipa wake!

Mama mkwe ananiita, alasiri inaadhiniwa. Nakwenda kusukutua, na leo maji yasipomwagika, Saumu, nitacheka pande zote mbili bila kidole cha Hamidu.