Simu ya Msumarini

Bariadi, Jumatano. Mvua imeanza kabla ya chai na mpaka sasa haijakata. Mji mzima unaifurahia, isipokuwa mimi.

Wiki nzima nimekuwa nikigombana na skripti, kiprogramu cha kompyuta, isiyo na kosa. Ingekuwa na kosa ningeshukuru, maana kosa huwa linakuonyesha mstari lilipo, unalifuata. Hii yangu inakimbia vizuri, inamaliza, inanyamaza kama mtoto aliyevunja chungu.

Kazi yake ni ndogo tu. Nyumbani kwetu Ngulyati kuna chama cha wakulima wa pamba, ghala lao ni dogo, kwa hiyo watu wanaitwa kwa zamu kuchukua mbegu. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya kutuma meseji: jina lako, siku yako, njoo na kitambulisho. Orodha hiyo hiyo ya meseji ndiyo anayochapishiwa mtunza ghala. Kama haumo, hupewi.

Mwanzoni walilalamika kwamba simu nyingine zinapata meseji mbili tatu kwa mpigo, salio la chama linakwenda bure. Nikalipeleka tatizo hilo kwenye grupu letu la simu. Sisi waandika programu wa mkoa huu ni wachache, tunasaidiana kama watu wanavyolimiana mashamba, leo kwako, kesho kwangu. Ukikwama unapiga picha kioo cha kompyuta yako, unatuma, wenzio wanaacha ya kwao wanakuja kwenye ya kwako. Bila grupu lile ningeshaacha kazi hii zamani nikauze vitenge.

Aliyenijibu ni Salma, mtumishi wa ofisi moja Lagangabilili, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Kwa upole wake ule ule akaandika: "Dada Minza, namba zinajirudia. Ifanye namba ya simu ndiyo utambulisho wa mtu, zinazojirudia zitupwe." Masanja wa Maswa akanitumia mistari ya kubandika. Nikabandika, nikaendesha.

"Imekubali?" wakauliza.

Imekubali, nikajibu. Wakanipigia makofi.

Baada ya hapo ndipo wengine wakaanza kukosa meseji kabisa. Grupu likakaa na mimi tena. Masanja akasema ni mtandao. Mwingine akasema nifute kila kitu niweke upya, ushauri anaoutoa kwa kila shida, nadhani hata ya ndoa. Salma aliisoma skripti yote wakati wa chakula chake cha mchana, akasema haoni tatizo, kwake inafanya kazi. Kwa kila mtu inafanya kazi.

Leo mchana, kwa sababu ya hii mvua, nikampigia mama kumuuliza kama ameshapanda.

Alipokea baba, kama kawaida. Nyumbani simu inaning'inia kwenye msumari dirishani, maana ndipo mtandao unaposhika. Ni simu ya baba, ya mama na ya bibi. Nikasubiri mama aitwe kutoka jikoni. Mwadila mayu, nikamsalimu mama kwa Kisukuma. Akaitikia, akasema hajapanda, anasubiri zamu yake. Baba aliitwa zamani, pamba yake iko ardhini. Mama na bibi, ambao kila mmoja ana shamba lake na jina lake chamani, hawajaitwa. Alikwenda mwenyewe ghalani akaambiwa jina lake halimo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe ndiye unayepanga majina, mwanangu. Nikajua una sababu."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Namba moja, watu watatu. Skripti ilimsoma baba kwanza ikambakiza, kisha ikamtupa mama, ikamtupa na bibi, kwa kuwa wanajirudia. Salma simlaumu, kwao kila mtu ana simu yake. Lakini mimi nimekulia chini ya ule msumari. Masanja kwao ni hivyo hivyo, na nusu ya grupu kwao ni hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Tulipata simu zetu mfukoni, basi, tukasahau.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Nimeurekebisha pale pale, halafu nikatazama majina yaliyotupwa. Sikuyahesabu, sikuwa na moyo huo. Karibu yote ni ya wanawake.

Nikampigia katibu wa chama. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunifokea, afadhali angenifokea. Akasema mbegu zimekwisha, zilizobaki zimepelekwa vijiji vingine, na za kuongeza hajui zitakuja lini, wala kama zitakuja. Akaniuliza kama mimi nina njia yoyote. Mimi! Naweza kupanga majina elfu kwa kufumba na kufumbua, lakini punje moja ya mbegu siwezi kuitoa popote.

Pamba ile ndiyo kitu pekee mama anachouza bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikampigia tena kumweleza. Sidhani kama alinielewa yale ya namba kujirudia, ila alisikia sauti yangu, akaanza kunibembeleza yeye. Akasema mwaka huu atapanda viazi. Viazi kila nyumba inavyo, atamuuzia nani? Sikumuuliza. Nilisema sawa mayu, nikakata simu, nikalia kidogo hapa mezani huku bati likipiga kelele.

Jioni hii Salma ameuliza kwenye grupu, "Dada Minza, vipi, imekubali?"

Imekubali. Orodha mpya iko tayari, na mama yumo, jina lake kamili na siku yake, aje na kitambulisho kuchukua mbegu ambazo hazipo.

Niitume?